Nani Aliruhusiwa Kufilisika? Mwongozo kamili wa kuwa mtafiti wa historia ya sheria ya ufilisi ukiwa Dar es Salaam

Ukimwambia mfanyabiashara wa Kariakoo kwamba kazi yako ni kutafiti historia ya sheria ya ufilisi, kwanza atacheka, kisha atauliza: "Sasa mwalimu, wewe umeshamwona nani ametangazwa mufilisi hapa mjini?" Anauliza kwa utani, lakini kagusa penyewe. Dar watu wanafilisika kila siku. Fremu inafungwa usiku, laini ya simu inabadilishwa, mtu anarudi kwao "kuangalia shamba" na harudi tena. Sheria ya kushughulikia watu hao tunayo tangu 1930, enzi za Tanganyika ya Waingereza. Wanaopita kwenye mlango wake ni wachache mno.

Kwa nini sheria imekaa muda wote huo na wateja wake hawaji? Mimi nimeishi kwa swali hilo miaka mingi sasa, linanilipa mshahara, na halijaisha. Mwongozo huu ni kwa kijana anayetaka kulifanya kazi: mwenye shahada ya sheria, historia au uchumi, au bado yuko mwaka wa tatu na anajiuliza aende wapi.

Hatua ya kwanza: shika swali kabla ya kushika mada

Wanafunzi wengi huja na kichwa cha habari kirefu: "Maendeleo ya sheria ya ufilisi Tanzania, 1920 hadi leo." Hicho ni kichwa cha ripoti, na ukikianza utaishia kunakili vifungu. Tafuta jambo linalokukera. Langu lilikuwa hili: nani aliruhusiwa kufilisika?

Kutangazwa mufilisi ni aibu, ndiyo, lakini pia ni haki. Mali yako inakusanywa, inagawanywa kwa wadai kwa uwiano, na mwisho wake unaweza kuachiliwa madeni yaliyobaki ukaanza upya. Asiye na haki hiyo anaandamwa na deni mpaka kaburini. Sasa fikiria Tanganyika. Kuanzia miaka ya 1920, na kwa uzito zaidi kwa sheria ya 1931, serikali ya kikoloni ilizuia mikopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kudai mahakamani mpaka mkopo uwe umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Maelezo yalikuwa kwamba wanawalinda wenyeji wasinyonywe na wenye maduka. Matokeo yake, mkulima wa kahawa au mwenye duka dogo la Kiafrika hakukopesheka kirahisi, na asiyekopesheka hana cha kufilisikia. Mwaka mmoja nyuma, 1930, koloni hilohilo lilikuwa limeandikiwa sheria kamili ya ufilisi kwa mtindo wa Kiingereza. Ziweke sheria hizo mbili juu ya meza moja. Ukiona kinachotokea kati yake, tayari una tasnifu.

Yako itafute palipo na mgongano wa namna hiyo. Mawili matatu ambayo bado hayajachimbwa vya kutosha: mashirika ya umma yaliyokuwa hayafi hata yakila hasara miaka kumi, benki tano ambazo Benki Kuu ilizifunga kwa siku moja Januari 2018, tatu kati yake zikiwa za wananchi wa Njombe, Meru na Kagera, na hii mikopo ya kausha damu, ambayo nitairudia.

Hatua ya pili: jifunze kuisoma sheria yoyote ya ufilisi kwa maswali matatu

Huna haja ya kukariri. Kila sheria ya ufilisi duniani iulize: nani anaingia, nani anashika funguo, na mtu anatokaje?

Jaribu kwa Uingereza, kwa kuwa ndiko ilikotoka yetu. Sheria ya 1542 chini ya Henry VIII ilimtazama mdaiwa kama mhalifu aliyekimbia na mali za watu. Ya 1571 ikaufanya ufilisi kuwa wa wafanyabiashara peke yao. Mkulima au bwana wa shamba mwenye madeni hakuhusika, huyo aliozea gerezani kwa deni. Mlango wa kutokea ulifunguliwa mwanzoni mwa karne ya 18, kwa sheria ya 1705: mfanyabiashara aliyetoa mali zake zote kwa uaminifu aliweza kusamehewa kilichobaki. Sheria hiyohiyo ilimwekea kifo aliyeficha mali. Msamaha na kitanzi kwenye karatasi moja. Hapo utaona walichokuwa wanakinunua. Walikuwa wananunua taarifa, yaani mdaiwa aseme ukweli wa alichonacho.

Wasio wafanyabiashara waliingizwa rasmi 1861. Kifungo cha deni kikapunguzwa sana 1869. Swali la funguo nalo likazunguka: mara usimamizi ukawa wa wadai wenyewe, mara wa maofisa, mpaka 1883 Joseph Chamberlain, waziri wa biashara wa huko, alipopitisha sheria iliyoweka mpokeaji rasmi wa serikali achunguze kila aliyefilisika. Mpokeaji huyo ndiye babu wa kazi ambayo leo hapa kwetu iko kwa RITA. Watu wanaijua RITA kwa vyeti vya kuzaliwa, lakini lisome jina lake lote: Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Marekani inafundisha jambo jingine. Katiba yao iliipa Bunge la nchi mamlaka ya kutunga sheria ya ufilisi, lakini sheria tatu za mwanzo hazikudumu: ya 1800 ikafutwa 1803, ya 1841 ikafutwa 1843, ya 1867 ikafutwa 1878. Kila moja ilikuja baada ya mtikisiko wa uchumi, na hali ilipotulia wadai wakaiona haina kazi tena. Ya 1898 ndiyo iliyosimama, hadi ilipobadilishwa 1978. Kwa mtafiti somo lake ni la moja kwa moja: ukiikuta sheria ya ufilisi, angalia bei za mazao za miaka mitano iliyotangulia.

Na usiache upande wa pwani yetu. Neno lenyewe halikuja na Mwingereza. Muflis ni la Kiarabu, mzizi wake mmoja na fulusi, sarafu ndogo za shaba. Muflis ni aliyebakiwa na hizo. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walikuwa na kanuni zake kabla Henry VIII hajazaliwa: kadhi humzuia mufilisi asitumie mali, inauzwa, na wadai wanagawana kwa uwiano. Kurani, sura ya pili aya ya 280, inaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike. Ukiandika historia ya ufilisi wa Zanzibar au Bagamoyo bila kujua hilo, utaandika kana kwamba watu walikuwa wanamngoja Chamberlain.

(Tahadhari moja ya lugha: mufilisi ni aliyefilisika, mfilisi ni anayefilisi. Nimesoma tasnifu ambamo hao wawili wamebadilishana viti kwa kurasa arobaini.)

Hatua ya tatu: shahada

Hapa sitakaa sana. Njia ni tatu: sheria, historia, uchumi. Yoyote inafika, mradi uazime ujuzi wa zile mbili nyingine. Mwanasheria asiyejua kuhesabu ataandika falsafa. Mchumi asiyejua utaratibu wa mahakama atahesabu visivyolingana. Ukiwa na shahada ya kwanza ya sheria, shahada ya uzamili ya historia itakufaa kuliko nyingine ya sheria. Ukiwa wa historia, omba kukaa darasani kwenye somo la sheria ya kampuni. Walimu wengi hukubali ukiwaomba kwa adabu.

Alama zako zichunge mapema. Matangazo ya kazi za vyuo vikuu huwa yanataka GPA ya 3.8 kwenye shahada ya kwanza kwa nafasi ya chini kabisa, ile ambayo chuoni wote wanaiita TA (Tutorial Assistant), na 4.0 kwenye uzamili kwa Mhadhiri Msaidizi. Nimeshuhudia vijana wenye vichwa vikali wakibaki nje kwa 3.7. Kama bado uko mwaka wa pili, jambo hili lina uzito kuliko ushauri wangu mwingine wote.

Mafunzo ya uanasheria kwa vitendo hayahitajiki kwa utafiti. Ukitaka pia kuwa wakili, nenda, utajifunza jinsi maombi yanavyoandikwa na kwa nini mawakili hukwepa ufilisi. Ila yasikucheleweshe mwaka kwa sababu tu wenzako wote wanakwenda.

Kuhusu msimamizi wa tasnifu: usitafute aliyeandika juu ya ufilisi, maana utangoja sana. Tafuta anayejua nyaraka, anayesoma ulichompelekea, na anayejibu ndani ya mwezi.

Hatua ya nne: nyaraka, na namna ya kuzitafuta

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa Dar inakupa faida ambayo mwenzako wa London au Chicago anailipia nauli ya ndege.

Anza Mlimani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaliwa Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi 14. Ndiyo maana hazina ya zamani ya sheria ni nzuri. Kwenye maktaba nenda sehemu ya Afrika Mashariki. Humo omba vitu vitatu: Gazeti la Serikali la enzi za Tanganyika, ripoti za mwaka za idara za serikali ya kikoloni, na ripoti za kesi za Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki. Hukumu za karibuni utazipata bure kwenye TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, lakini usianzie huko kwa sababu ya urahisi. Mtandaoni zimo kesi zilizofika kwenye hukumu, wakati ufilisi mwingi huisha kabla ya jaji kuandika chochote.

Gazeti la Serikali ndilo rafiki yako mkubwa. Sheria ilitaka amri za ufilisi zitangazwe humo ili wadai wajitokeze. Kwa kawaida tangazo linataja jina, mahali, kazi ya mtu, mahakama na tarehe. Mistari sita. Moja halikuambii kitu. Ukikusanya mia tatu, mji mzima unaanza kusema: wauza nguo, wenye malori, washonaji, mkonge ulipoporomoka bei mwanzoni mwa miaka ya 1930 nani alianguka kwanza na nani alifuatia. Chukua daftari, au jedwali kwenye kompyuta, safu moja kwa kila kitu, na nakili tangazo zima hata unachodhani hakina maana. Mara ya kwanza niliacha kunakili anwani. Baadaye nilipotaka kuchora ramani ya mitaa ya waliofilisika, nikarudi mwanzo na kuipitia miaka yote kumi na miwili upya.

Kutoka hapo nenda Upanga, kwenye Nyaraka za Taifa. Kabla ya kwenda, shughulikia kibali. Mwanafunzi au mhadhiri huanza na barua ya chuo chake. Mgeni kutoka nje ya nchi anapitia COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Anza miezi kabla, toa nakala nyingi, na kila ofisi utakayokabidhi barua omba muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Barua yangu mojawapo ilipotea ofisini, sitasema wapi, na kilichoniokoa ni ule muhuri.

Ndani ya chumba cha kusomea, tulia. Siku ya kwanza usiombe majalada kumi, soma fahirisi. Na hapa kuna siri iliyonichukua mwaka mzima kuijua: ukitafuta neno "ufilisi" utapata kidogo sana. Deni hujificha. Liko kwenye majalada ya biashara, ya ardhi, ya vyama vya ushirika, ya malalamiko ya vyama vya wafanyabiashara Wahindi, ya leseni za maduka, ya bei za pamba. Ofisa wa wilaya anayelalamika kwamba "wenye maduka wanashika mazao ya wakulima kabla ya mavuno" anaandika historia ya mikopo bila kujua. Wazoee watunza nyaraka, wasalimie, waambie unachotafuta kwa maneno ya kawaida. Wao wanajua boksi ambalo fahirisi haijui. Uliza pia kama unaruhusiwa kupiga picha na ada yake ni kiasi gani, kabla hujatoa simu mfukoni.

Majalada ya Wajerumani nayo yako humo, yale yanayoanza na herufi G. Ujerumani ilikuwa na sheria yake ya ufilisi ya 1877, iliyoanza kutumika 1879, na wakati makao makuu yanahamishwa kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam mwaka 1891, Wazungu walikuwa na mahakama zao na wenyeji walipelekwa kwa maofisa wa utawala. Swali letu linajirudia lilelile: nani anaingia? Sehemu nyingine ya nyaraka hizo iko Berlin, kwenye mfululizo wa R 1001. Za Waingereza kuhusu Tanganyika ziko Kew, nje kidogo ya London, kwenye mfululizo wa CO 691. Usiende kokote kabla ya kumaliza Upanga. Msomaji wa makala yako ataziona namba za Kew na kuzipita. Namba za Upanga zitamfanya asimame, kwa sababu hazijui.

Zanzibar panda boti, tenga angalau wiki mbili. Nyaraka ziko Kilimani. Kule kuna kisa ambacho kila mtafiti wa deni lazima akipitie: mashamba ya mikarafuu ya Waarabu yaliyowekwa rehani kwa wakopeshaji wa Kihindi vizazi kwa vizazi. Bei ya karafuu ilipoanguka, serikali ikaogopa kwamba mashamba yote yatahamia kwa wadai, na mwaka 1934 ikatunga sheria za kuzuia ardhi isihame. Wahindi wakajibu kwa kugomea biashara ya karafuu 1937 na 1938, na chama cha Congress kule India kikawaunga mkono. Hakuna mahali Afrika Mashariki ambapo utaona kwa uwazi zaidi serikali ikiamua nani asifilisike. Wakopeshaji wakubwa wa karne ya 19, kina Jairam Sewji na Tharia Topan, ndio waliokuwa wakizigharamia safari za bara. Ukisoma maisha ya Tippu Tip, mfuate mkopeshaji wake kuliko bunduki zake.

Mwisho, miaka ya ujamaa na baada yake. Mabenki yalitaifishwa Februari 6, 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, na NBC, Benki ya Taifa ya Biashara, ikabeba karibu nchi nzima. Shirika la umma lililoshindwa kulipa halikufilisiwa, liliongezewa mkopo. Mwaka 1991 ikaundwa LART, chombo cha kukusanya madeni mabaya, pamoja na baraza lake maalumu la kusikiliza kesi. Mwaka 1992 ikaja tume ya kubinafsisha mashirika, na 1997 NBC yenyewe ikakatwa vipande. Kwa mwanahistoria ni neema: kwa miaka zaidi ya ishirini nchi ilikaa karibu bila kifo cha kampuni kubwa, kisha vifo vyote vikaja kwa mkupuo. Wahusika wengi bado wako hai na wanapenda kuzungumza. Nenda sasa.

Hatua ya tano: hesabu, na mitego yake

Huhitaji kuwa bingwa wa takwimu. Jifunze programu ya R, ni bure, na uelewe wastani, wastani wa kati na mchoro wa mwenendo kwa miaka. Kipimo kizuri kuliko vyote kwenye ufilisi ni senti kwa kila shilingi: mali ilipouzwa, mdai alipata senti ngapi kwa kila shilingi aliyokuwa anadai? Kiandike kwa kila jalada unalolipata.

Mtego wa kwanza ni fedha yenyewe. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64 hadi 1904, kisha ikawa na heller 100, ndiko tulikopata neno hela. Mwingereza akaja na florini, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1920 shilingi, mbili kwa florini moja. Sura yangu nzima ya mwanzo ilikokotoa madeni ya 1908 kwa pesa 64. Mhakiki mmoja akaandika mstari mmoja tu pembeni, "Angalia mwaka," na nikatamani ardhi ipasuke.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Idadi ya mufilisi ikipungua, usiharakishe kusema uchumi umepona. Yawezekana mlango umebanwa. Uingereza baada ya 1883, ukaguzi wa serikali ulipokuwa mkali, wadaiwa na wadai wengi walimalizana kwa mikataba ya faragha, mpaka 1887 ikabidi sheria itake mikataba hiyo isajiliwe. Dar hali ni hiyohiyo, na kuzidi. Mwenye duka wa Kihindi aliyekwama mwaka 1935 angeweza kumalizana na wadai wake mbele ya wazee wa jumuiya yake, na wa leo anakaa na wadai wake mezani, chai inaletwa, wanapunguziana. Hakuna anayemwandikia karani wa mahakama. Kwa hiyo jedwali lako linapima matumizi ya sheria, halipimi kufilisika kwenyewe, na inabidi useme hivyo kwenye ukurasa wa kwanza.

Mtego wa tatu ni viwango vya kimataifa vinavyopanga nchi kwa ubora wa sheria zao za ufilisi. Kile cha Benki ya Dunia kilinukuliwa kila mahali mpaka kilipositishwa 2021, baada ya takwimu zake kukutwa na kasoro. Kenya ilitunga sheria mpya ya ufilisi 2015, Uganda 2011. Linganisha sheria hizo kwa maswali yale matatu. Namba za viwango zitazame kwa jicho la nusu.

Hatua ya sita: lugha

Kijerumani cha kusoma utakipata kwa mwaka na nusu ukiwa na bidii. Taasisi ya Goethe iko Upanga, unaweza kutoka kwenye nyaraka ukaenda darasani. Tatizo litakuwa mwandiko, ule wa mkono wa zamani ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma. Chapa majedwali ya herufi zake, bandika ukutani, soma ukurasa mmoja kila asubuhi. Kiswahili cha herufi za Kiarabu ni lazima ukitaka Zanzibar na pwani, kwani hati nyingi za rehani ziliandikwa hivyo. Kigujarati sikijui, na najutia. Vitabu vya hesabu vya maduka viliandikwa kwa lugha hiyo, na wanaoweza kuvisoma kwa miwani yao ya zamani wanapungua kila mwaka. Kijana atakayejifunza Kigujarati hatakosa kazi.

Hatua ya saba: kuchapisha, na riziki

Kupanda cheo, kutoka Mhadhiri hadi Mhadhiri Mwandamizi na kuendelea, kunahesabiwa kwa machapisho. Makala ya kwanza ipeleke nyumbani: Eastern Africa Law Review kwa ya kisheria, Tanzania Zamani kwa ya kihistoria. Utapata wahakiki wanaojua Upanga iko wapi. Ya pili, yenye takwimu, ipeleke nje, mfano Economic History Review au African Economic History, na ujiandae kukataliwa. Majarida yanayokuandikia barua pepe "Ndugu Profesa Mpendwa" yakiahidi kuchapisha ndani ya wiki mbili kwa malipo, yafute bila kuyafungua.

Pesa ya utafiti huja kwa vipande: ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, kwa nyaraka za Berlin, wa Jumuiya ya Madola kwa za Uingereza, ruzuku ndogo za chuo. Ajira za vyuo vya umma hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, kwa hiyo akaunti yako huko iwe kamili hata kama huombi kitu. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe, na utaelewa mada yako kwa njia ambayo maktaba haifundishi.

Utaombwa pia kazi za ushauri: benki, wizara, wafadhili wanaotaka ripoti ya kurasa thelathini juu ya mageuzi ya sheria. Chukua moja kwa mwaka, mbili ukiwa na ada za shule. Zaidi ya hapo, kitabu chako hakitaandikwa.

Kausha damu nilisema nitairudia. Mikopo hii ya riba kali, ya kurejeshwa kila siku au kila wiki, imewafanya mamalishe na waendesha bodaboda kuwa wadaiwa wakubwa wa mji huu. Ukiwahoji, usiwakute saa za marejesho, na usiandike jina wala eneo la kibanda. Mama mmoja alinieleza hesabu yake yote kwa kuchora chini kwa kijiti, mkopo juu ya mkopo. Nilipomweleza kwamba ipo sheria ambayo mtu anaweza kwenda mahakamani mwenyewe akajitangaza hana uwezo, aliuliza inagharimu shilingi ngapi. Nilipomtajia makadirio ya wakili, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mlango wa 1930 bado una walinzi, na bei ni mmoja wao.

Hatua ya nane: majina

Majalada ya miaka ya 1930 yana majina ya koo ambazo wajukuu wao bado wana maduka Kisutu na Kariakoo. Kisheria mengi ni nyaraka za umma. Hata hivyo, mji huu ni mdogo, na kukopa harusi kulipa matanga ni jambo ambalo familia hukumbuka kwa vizazi. Mimi huwapa wadaiwa namba, na orodha ya namba na majina naitunza mbali na kompyuta ninayotembea nayo. Waliotajwa kwenye hukumu zilizochapishwa nawaacha na majina yao.

Mara moja tu mtu alinitafuta mwenyewe. Mzee mwenye duka la vitambaa alisikia ninachosoma, akaomba kuona jalada la babu yake. Nilimwelekeza namna ya kuliomba Upanga, akaenda, akalisoma lote asubuhi moja. Barua za wadai hakuzijali. Alichoomba atolewe nakala ni ukurasa mmoja, ule wa orodha ya mali iliyokamatwa dukani: majora ya kaniki, mizani, cherehani mbili, na saa ya ukutani ambayo, aliniambia baadaye kwenye simu, walikuwa wameambiwa siku zote kwamba iliibwa.